Nilivyoupeleka Mkono Wangu Lindi

Tangu nirudi nimeisimulia safari hii vipande vipande, kipande msikitini, kipande kisimani, kipande kwa wanunuzi wa ufuta, na sasa nasikia vipande hivyo vimekutana huko njiani vikazaa habari ambazo hata mimi sizijui. Yuko anayesema Mhindi wa Lindi alinitoa mjusi mkononi. Yuko anayesema nimebadili dini. Nimeona basi niandike yote mara moja, kwa kufuata njia yenyewe, ili kila aliyeniuliza asome au asomewe. Anayetaka kuongeza chumvi aanzie hapa.

Kwa msionijua vizuri: mimi ni fundi wa nguo hapa Pande, lakini si fundi wa cherehani. Nadarizi shingo za kanzu kwa mkono, na nashona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi peke yake. Nyumba yangu, yaani mimi na mke wangu Somoe na watoto, inakula kwa sindano hiyo. Hatuna mikorosho ya maana wala hatuna chombo baharini.

Ugonjwa wangu ulikuwa hivi. Mkono wa kulia ukiwa mtupu ulitulia kama wa mtu yeyote. Niliweza kubeba kikombe kilichojaa, kunyoa ndevu, hata kumtoa mtoto mwiba mguuni. Lakini nikishika sindano na kukaa mbele ya kitambaa, vidole vilianza kutetemeka, kidogo kwanza, halafu sana, hadi uzi ukachomoka. Ulianza baada ya vita vya Wazungu kwisha na nguo kupatikana tena madukani, mwaka ule fundi Athumani alipofika na cherehani lake akaliweka kwenye baraza inayoelekeana na yangu. Nilikunywa kombe la aya zilizooshwa sahanini, nikafukizwa, nikaenda kwa mganga bara akaniambia nina hasidi anayekaa upande wa machweo. Upande wa machweo wa nyumba yangu ni baraza ya Athumani. Msiniulize nililichukuliaje neno hilo.

Ndipo mfanyabiashara mmoja wa vitambaa akanieleza habari za Mbaniani mmoja, yaani Mhindu, wa Lindi anayeitwa Vaidya. Jina hilo ndiyo kazi yake: kwao ni mtu aliyesomea Ayurveda, elimu ya kale ya kutibu kwa mizizi, mafuta, chakula na mwenendo wa mtu. Somoe aliposikia hakunipa nafasi ya kufikiri. Alinifungia mzigo.

Pande hadi Kiranjeranje

Niliondoka kwa miguu asubuhi na mkeka, nguo za kubadili, sindano zangu ndani ya kitambaa, na jogoo mweupe. Huyo jogoo lazima nimweleze. Hapa kwetu huendi kwa mganga mikono mitupu. Jogoo mweupe ni ada ya kufungulia mkoba wa dawa, na bila yeye mganga hawezi kuanza. Najua kabisa kwamba Mabaniani hawali nyama. Lakini nilijiambia kuwa jogoo wa mganga haliwi, kwa hiyo si nyama. Hoja hiyo niliiona imekamilika pande zote, na niliibeba mwendo wote huo pamoja na jogoo.

Njia ilikuwa ya mchanga na jua lilikuwa kali. Kila nilipopumzika nilitoa sindano moja nikaishika kuona kama mkono umebadilika. Ulikuwa haujabadilika. Nikainuka nikaenda haraka zaidi, kana kwamba Lindi ingehama nisipowahi. Mama mmoja aliyekuwa akilima kando ya njia aliniita nile muhogo wa kuchemsha, nikakataa kwa kuwa nilikuwa na haraka. Alinitazama kwa huruma akauliza ni nani amefariki.

Kiranjeranje

Lori la kwenda Lindi lilikuwa lipite siku ileile. Halikupita. Kesho yake wakasema limeharibika. Kesho yake tena wakasema halijaharibika, dereva ndiye ameoa.

Sijui kungoja, nanyi mnanijua. Nilizunguka soko mpaka wauza samaki wakaanza kunisalimia kwa jina. Niliswali, nikala wali na kunde, nikatoa sindano, nikairudisha. Hapo ndipo nilipokutana na Filipo, mkulima wa vilima vya Umatumbi, Mkatoliki, aliyekuwa akienda kumwona dada yake aliyeolewa karibu na Lindi. Alikuwa na mtungi wa asali aliokuwa akiulinda kama mtoto mchanga. Alinitazama nikipita na kurudi, akaniambia ninampa kizunguzungu. Akanisogezea nusu ya mkeka wake, na kuanzia hapo tukawa pamoja.

Lori lilipofika, bwana harusi akiwa kwenye usukani na macho mekundu, lilikuwa limejaa magunia ya ufuta hadi juu. Tukapanda juu ya magunia.

Mto Mbwemkuru

Mvua zilikuwa zimenyesha bara, nasi wa pwani tusizione. Maji ya Mbwemkuru yalikuwa yamepanda, na magogo ya daraja upande mmoja yalikuwa yamesogea. Dereva alishuka, akatazama, akapiga teke gogo, akasema tutalala hapa.

Tukakusanya kuni. Kila mtu alitoa alichokuwa nacho: muhogo, samaki wa chumvi, mchele kidogo, na Filipo akafungua asali yake. Macho yote yakamwendea jogoo wangu. Utingo wa lori alikuwa ameshatoa kisu. Nikaeleza kwamba huyu si wa kuliwa, ni wa mganga.

"Amshukuru Mungu wake," Filipo aliwaambia wenzetu. "Leo ni Ijumaa. Mimi Ijumaa sili nyama, na nyinyi nikimchinja mimi hamtamla. Jogoo huyu amezaliwa na bahati."

Walicheka. Halafu akaniuliza ni mganga gani. Nilipomwambia, aliacha kutafuna. Akauliza kama nina hakika Mbaniani atampokea kuku. Nikamweleza ile hoja yangu kwa utulivu, hatua kwa hatua. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akasema watu wa pwani wana akili nyingi sana, akaendelea na samaki wake.

Asubuhi maji yalipungua. Wanaume tulivua viatu tukasukuma magogo mahali pake kwa miti, dereva akavusha lori tupu, nasi tukabeba magunia begani mpaka ng'ambo. Nilibeba magunia mengi kuliko wote. Si kwamba nina nguvu, sikuweza kukaa tu. Nilipofika ng'ambo niliutazama mkono. Baada ya mizigo yote ile ulikuwa umetulia kabisa. Nikatoa sindano, na hapo hapo ukaanza.

Filipo aliona. Hakuwa amejua kinachonipeleka. Alipoteremka njia panda ya kwa dada yake alinimiminia asali kwenye chupa akasema ni ya mgonjwa.

Mitwero

Nilifikia Mitwero, nje kidogo ya mji wa Lindi, kwa dada mkubwa wa mke wangu, Bi Mwanahawa. Mumewe anafanya kazi shamba la mkonge na hurudi nyumbani mwisho wa juma tu, kwa hiyo shemeji yangu huyu amezoea kuamua mambo yote mwenyewe, pamoja na ya wageni. Kabla sijaketi alikuwa ameshaniambia nimekonda, nimekawia, na nimevaa kanzu isiyo na heshima kwa mtu anayeitwa fundi.

Nilimweleza nimekuja kutibiwa kwa Vaidya. Alimjua, kwa kuwa alikuwa amempeleka mjukuu wake mwenye kikohozi. Alitaka kuniambia jinsi ya kuongea naye, lakini nilimkatiza. Nilisema najua namna ya kwenda kwa mganga.

"Haya," akasema. "Fundi anajua."

Lindi

Nyumba ya Vaidya ilikuwa mtaa wa maduka, mlango wa nyuma, ua uliofagiliwa na mti wa mwarobaini, na harufu ya ufuta uliokaangwa. Mkewe alifungua, akamwona jogoo kwapani mwangu, akarudi nyuma hatua nzima na kuita kwa lugha yao. Akatoka mzee mwembamba mwenye miwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, cha mtu aliyekaa Lindi miaka mingi na kuchoka na maneno ya ziada.

Alimtazama jogoo kwa makini, akamfunua ubawa, akauliza:

"Huyu anaumwa nini?"

Nikasema jogoo haumwi. Ni ada.

"Basi arudi nyumbani. Mimi natibu mgonjwa."

Nilimfunga jogoo nje ya ua, huku mkewe akichungulia dirishani kuhakikisha kuwa sitamfanyia chochote. Kisha nikaingia, nikaketi mkekani mbele ya Vaidya, nikakunja mikono, nikanyamaza.

Hapa tulieni niwaeleze, maana wenzangu wa Pande mtanielewa, lakini anayesoma kutoka kwingine huenda asinielewe. Kwetu mgonjwa hamwambii mganga kilichomleta. Mganga ndiye anayekitaja. Akikitaja sawasawa, unajua umefika. Ukimtajia mwenyewe, umemsaidia kudanganya, na dawa inakuwa imeharibika kabla hujainywa. Tangu utoto nimewaona watu wazima wakikaa mbele ya mganga kimya kama waliokuja kununua chumvi tu, wakingoja.

Kwa hiyo nilingoja. Vaidya naye alinitazama akingoja. Kimya kikawa kirefu mpaka jogoo akawika nje.

Mwishowe akaushika mkono wangu wa kulia, akaweka vidole vitatu juu ya mshipa wa kifundo, akafumba macho. Mkono wenyewe ndio huo, nilijiambia, ataona. Alitazama ulimi wangu na kope. Kisha akasema tumbo langu ni kavu, usingizi wangu umekatikakatika, na ninakula haraka kama mtu anayefukuzwa. Yote matatu yalikuwa kweli, nami sikuwa nimefungua mdomo.

Nikaamini moja kwa moja. Huyu anaona, nikasema moyoni, na la mkono atalitaja wakati wake ukifika.

Mseto na mchuzi

Akanieleza elimu yake, na nampa haki yake, alieleza vizuri. Kwao wanasema mwilini mna nguvu tatu, na mojawapo ni kama upepo. Kila kinachokwenda mwilini huendeshwa na huo upepo: pumzi, damu, vidole, hata mawazo. Ukizidi, mtu hukauka, hatulii, hakai. Dawa ya upepo ni vitu vyenye uzito na joto na mafuta. Akanipa mafuta ya mbarika kusafisha tumbo, ambayo sitaki kuyaeleza zaidi. Akaniamuru kula mseto wa wali na choroko wenye samli kidogo, usio na pilipili, kwa muda uleule kila siku, nikiwa nimeketi, bila kuzungumza. Kila asubuhi nitembee kutoka Mitwero mpaka kwake nikapakwe mafuta ya ufuta. Nilicheka kidogo niliposikia hivyo. Nimetoka kwenye nchi ya ufuta, nikalala juu ya magunia yake, nikayabeba begani kuvuka mto, nifike Lindi nipakwe ufuta.

Bi Mwanahawa hakuupenda mseto ule. Alinipikia siku za mwanzo kwa kinyongo, akiniuliza kama nimejifungua mapacha. Halafu nikarudi siku moja nikakuta jikoni mchuzi wa kuku wa nazi, mzito, na uani jogoo niliyerudi naye hayupo. Alisema jogoo aliwika mpaka majirani wakalalamika, na kwamba mume wa mdogo wa mtu halishwi choroko kama njiwa. Nilikula. Mgeni anafanyaje? Nilikula mara mbili.

Asubuhi yake Vaidya alishika mshipa, akatulia, akafumbua jicho moja.

"Jana nyama," akasema.

Ndugu zangu, mtu akikwambia ulichokula jana kwa kukushika mkono, utamficha nini? Na kama hufichi, utamwambia nini asichokijua? Mimi nilitoka pale nimezidi kuamini na nimezidi kunyamaza.

Siku zikaenda. Tumbo likatulia. Nikaanza kulala mpaka adhana ya alfajiri, jambo ambalo sikuwa nimelipata kwa muda mrefu. Lakini kadiri mwili ulivyotulia, moyo ulizidi kuhangaika. Kila asubuhi nilikwenda nikitegemea leo atautaja mkono. Kila asubuhi aliuliza tumbo, usingizi, ulimi. Nilipokuwa njiani kurudi nilisimama kando ya minazi, nikatoa sindano, nikajaribu. Ulitetemeka vilevile. Nikaanza kufikiri kwamba anaujua ugonjwa wangu, amenyamaza kwa kuwa hauna dawa. Nilianza kufunga mzigo wangu na kuufungua tena. Nilitaka kurudi Pande na niliogopa kurudi Pande.

Bi Mwanahawa alinikuta uani nikijaribu kudarizi kipande cha melikani. Alikitazama kitambaa, kisha vidole.

"Hili ndilo lililokuleta?" akauliza.

Nikakubali.

"Naye anasemaje?"

"Hajalitaja."

"Umemwambia?"

Nikamuuliza nimwambie nini mtu anayejua mchuzi ulioliwa jana. Akaketi chini palepale, akajifunika uso kwa upindo wa khanga, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia.

"Shemeji," alisema alipoweza kusema, "ule mchuzi ulikupata kanzuni. Ulikwenda kwa Vaidya na doa la manjano kifuani, kubwa kama sahani. Mtaa mzima ulijua umekula nini."

Kilichosemwa

Asubuhi ile nilitembea polepole kuliko siku zote. Ni vigumu kuacha kitu ulichofundishwa kabla hujajua kuwa unafundishwa. Nilipoketi mbele ya Vaidya na kufungua mdomo, niliona aibu kama mtu anayevua nguo.

Nikamwambia yote: sindano, kanzu, kofia, Somoe na watoto.

Alivua miwani.

"Siku zote hizi umenificha ugonjwa?"

"Sikukuficha, Bwana. Nilikuwa nakungoja uutaje."

"Na mimi nilikuwa nakungoja useme."

Mkewe, aliyekuwa mlangoni akichambua choroko, alisema kitu kwa lugha yao, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Sikuuliza alisema nini. Kisha Vaidya akaacha kucheka, akaniambia nitoe sindano nishone mbele yake.

Nikatandaza kitambaa gotini, nikaanza. Mkono ukaanza mambo yake. Yeye hakuutazama hata kidogo. Alizunguka akakaa nyuma yangu, akaweka kiganja mgongoni, na kukaa hivyo. Nilishona, uzi ukachomoka, nikatunga tena, ukachomoka.

"Hupumui," akasema.

Nikamwambia napumua, ningekuwa nimekufa. Akasema nishone tena na nisikilize. Nikashona, nikasikiliza. Ilikuwa kweli. Nilivuta pumzi nilipotia uzi, nikaibana kifuani, nikaenda mishono mingi bila kuiachia, mpaka kifua kikawaka, ndipo nikaitoa kwa mara moja na kuvuta nyingine. Nilikuwa nashona kama mtu anayezamia chaza.

"Nani anakukimbiza?"

Nikasema hakuna. Akauliza nikishona nasikia nini. Nilitaka kusema sisikii kitu, lakini kiganja chake kilikuwa bado mgongoni, nikasikiliza tena, nikalisikia. Nikamwambia nasikia cherehani.

Akageuza kichwa kulia na kushoto. Ua ulikuwa kimya.

"Liko wapi?"

"Pande," nikasema.

Kukaa

Baada ya hapo matibabu yalibadilika. Nililazwa kwenye ubao, kitambaa machoni, na juu ya paji la uso kikaning'inizwa chungu chenye tundu kitakoni. Mafuta ya ufuta ya uvuguvugu, yaliyochemshwa na mizizi, yalitiririka kama uzi mmoja, katikati ya nyusi, bila kukatika. Yanafika, yanashuka nyweleni, yanafika tena. Mtu akiniuliza yakoje, nitasema ni kama kumsikia mtu akikusimulia jambo jema kwa sauti ya chini sana.

Halafu nikatakiwa kukaa. Ni hilo tu. Kukaa mkekani, mgongo wima, kufuata pumzi inavyoingia na kutoka. Ukutani kulikuwa na picha ya mungu wao iliyovishwa maua, na taa ndogo. Nikamwambia wazi kwamba mimi ni Mwislamu na siwezi kuabudu pale. Hakukasirika.

"Ile ni yangu," alisema. "Wewe una wako. Sikupi Mungu. Nakupa nafasi ya kukaa."

Akanigeuza niuelekee ukuta mwingine, mtupu, nami kwa kila pumzi nikawa natamka moyoni jina la Mwenyezi Mungu. Hayo ndiyo waliyoyaita kubadili dini.

Wenzangu, nimebeba magunia, nimelima, nimelala njaa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama kukaa. Siku ya kwanza nilinyanyuka kabla maji ya chai hayajachemka jikoni. Siku nyingine nilitoka mpaka barabarani, nikafika mwisho wa maduka, nikarudi kwa aibu. Vaidya alikuwa ameliacha tandiko langu lilivyo. Kila nilipotulia kidogo, cherehani lilianza. Sikuambiwa nilifukuze. Niliambiwa nilisikilize mpaka mwisho.

Nami siku moja nikalisikiliza mpaka mwisho, na nyuma yake nikamwona Athumani. Alikuwa ameinama kazini, anakanyaga, anashona suruali ya mtu. Hakuwa akinitazama. Hakuwa amewahi kunitazama. Huyu ndiye niliyemfanya hasidi wangu wa upande wa machweo, na mwenyewe alikuwa akishona suruali. Mimi ndiye niliyegeuza kila mshono wake kuwa wito wa mbio, nikijaribu kwa vidole kumi kukipita chuma. Nilikuwa nimeamini kwamba kanzu ikikawia kwangu hata kidogo, mwenye kanzu atavuka njia na hatarudi, na akishavuka, mimi si fundi tena, ni mtu tu aliyekaa barazani.

Nililia pale mkekani, naona hakuna haja ya kuficha. Na nitawaambia jambo la ajabu: kumpoteza hasidi kuliniuma. Nilikuwa nimemtegemea. Ukiwa na hasidi, kila kitu kina sababu na sababu yenyewe iko ng'ambo ya njia. Yeye alipoondoka nilibaki peke yangu na pumzi yangu.

Vaidya akanifundisha mshono mmoja kwa pumzi moja. Kuchoma wakati wa kuvuta, kuvuta uzi wakati wa kutoa. Mkono ulitulia. Si wote, si mara moja, lakini ulitulia. Nikampima kwa macho, nikauliza kama nimepona.

Alisema ukienda mwendo huu utashona mpaka uzeeke. Ukikimbia utatetemeka tena, na hana mafuta ya kumtibu anayekimbia.

Kurudi Pande

Njia ya kurudi haikuwa na makuu. Daraja lilikuwa zima, dereva alikuwa bado mwenye furaha na ndoa yake, nami niliutazama mkono wangu kila tulipokata kona. Nililokuwa nikilihofia halikuwa barabarani. Mshono mmoja kwa pumzi moja unaipa kanzu majuma ambapo cherehani linaipa siku. Nitamwambiaje Somoe? Watoto watakula pumzi?

Nilimwambia usiku wa kwanza, kwa mpangilio, kama nilivyowaeleza nyinyi. Alisikiliza, akauliza kama mseto ule ulikuwa na chumvi, akasema tutaona.

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Shomari wa Songo Mnara, ambaye kichwa chake ni cheupe chote, hakuna unywele uliosahaulika. Mwanawe alikuwa akioa. Alitaka kanzu iliyodariziwa shingo na kofia, ziwe tayari kwa Ijumaa. Somoe alikuwa mlangoni, ameshika ungo, hapepeti.

Nilihisi pumzi ikitaka kubana. Nikaiacha itoke kwanza.

"Ijumaa sitaweza, Mzee."

"Lini basi?"

"Ikiisha nitakuletea habari. Sina siku ya kukutajia."

Akatazama ng'ambo. Cherehani la Athumani lilikuwa likienda. Akanyanyuka na kitambaa chake, akavuka njia, nami nikamwona akiongea na Athumani, wakipimana, wakikubaliana. Somoe hakunitazama usoni. Nilitunga uzi, nikaanza kipande nilichokuwa nacho.

Mzee Shomari alirudi akiwa na kipande kidogo cha kitambaa kilichobaki, akakiweka mbele yangu.

"Kanzu nimempa yule, bwana harusi hawezi kuoa uchi. Kofia nishonee wewe. Si ya harusi. Ni yangu mimi, ya kuvaa nikizeeka."

Somoe alicheka kwa sauti. Nami nikacheka, tukazungumza na mzee mambo ya Songo Mnara, ya samaki na ya mkwe wake mpya, mpaka akaaga na kushuka kwenda ufukoni. Ndipo nilipoona kwamba muda wote ule sindano ilikuwa mkononi mwangu, na nilikuwa nimeshona karibu upana wa kiganja, na sikuwa nimeutazama mkono hata mara moja.